Tangi Jeupe la Santa Rufina

3 Julai 1996

Leo asubuhi pua imejua kabla ya macho. Kaka yangu Nataniel anasema ni jiko la jirani. Jiko gani linanuka nyanda nzima? Wameanza kuchoma mashamba, na yeye ni mmoja wao, ndiyo maana haniangalii usoni. Nimeandika kilomita kumi, moshi. Karatasi za kazi zinapokea tarakimu tu. Matusi nayaweka humu.

6 Julai

Mwalimu wa jirani ameniuliza tena kazi yangu ni nini hasa, eti ananiona nimesimama mlangoni tu. Ndiyo kazi yenyewe, kusimama mlangoni. Kila saa natoka kwenye kibanda cha uwanja wa ndege, natazama pande zote, nasema ninachoona: upepo, mawingu, na macho yanafika wapi. Nawasomea ofisi kuu kwa redio, na marubani wote wa jimbo letu la Beni wananisikia. Kutabiri ni kwao huko ofisini. Kuona ni kwangu.

Alama zangu zinajulikana. Karibu kuna mlingoti wa mfuko wa upepo, mbele zaidi zizi la ng'ombe, na kusini kabisa, kilomita tano, tangi la maji la kiwanda cha maziwa kilichokufa, limepakwa lami, jeusi tii. Chini ya kilomita tano ndege ndogo haziruhusiwi kuruka. Kwa hiyo likionekana zinaruka, lisipoonekana zinalala. Mji mzima unajua. Watu wakitoka kanisani wanasimama kwenye ngazi, wanakunja macho kuelekea kusini na kuulizana, "Tangi linaonekana?" Ndiyo salamu yetu msimu wa moto.

11 Julai

Kilomita nane. Upepo hakuna.

19 Julai

Sikukuu ya Santa Rufina. Bendi, maandamano, fahali waliokasirika na wanaume waliolewa zaidi ya fahali. Don Herland amefunga mistari miwili ya taa za umeme barabarani kwenda kwenye nyumba yake, kwa heshima ya mtakatifu, anasema. Mtakatifu hana haja ya kuona machinjio ya Don Herland, lakini sawa.

Don Herland ndiye mwenye ndege zetu zote mbili. Nyama yake inapanda nazo kwenda milimani, wagonjwa na walimu wanapanda nazo kwenda Trinidad, mji mkuu wa jimbo. Daraja la barabarani limeanguka tangu mvua za mwaka jana, kwa hiyo njia ni hewa au miguu. Rubani wake ni Rómulo, aliyesimamia ubatizo wa binti yangu, ndiyo maana tunaitana kompadre na komadre. Leo amecheza na mimi nyimbo mbili, akanikanyaga mara nyingi kuliko hesabu ya nyimbo.

29 Julai

Mama amepata siku ya kupasuliwa macho Trinidad, tarehe ishirini na saba Agosti. Mtoto wa jicho, yote mawili. Amesubiri siku hiyo tangu mwaka juzi. Ameanza kupanga nguo, kwa kupapasa.

5 Agosti

Kilomita nne. Uwanja umefungwa. Nimelisoma hilo redioni na kabla sijaweka kipaza chini Don Herland yuko mlangoni. Ng'ombe wameshachinjwa, nyama inasubiri. Akaniomba niangalie tena. Nikaangalia tena, kwa heshima ya umri wake. Tangi halikuwepo.

Akasema, "Zoraida, wewe una macho ya kiofisi. Mimi naliona." Nikamwuliza liko upande gani. Akaonyesha kidole kwenye zizi.

6 Agosti

Sikukuu ya taifa. Watoto wameandamana, wamekohoa wimbo wa taifa. Kilomita tatu.

9 Agosti

Bado tatu. Sokoni mwenye jibini ameniambia jibini limekwisha, nalo liko mbele yangu, zima, limefunikwa kitambaa. Nikamwambia kitambaa chako kinaonekana hata kwenye moshi. Nimerudi nyumbani bila jibini lakini nimefurahi.

Wanachoma wenyewe, halafu wananinunia mimi kwa sababu nimesema kuna moshi. Kama mtu anayejamba kanisani halafu anamkasirikia aliyefungua dirisha.

13 Agosti

Haya nayaandika ili nikizeeka nisije nikadhani nimeyaota.

Asubuhi nimesikia bendi ile ya sikukuu. Kumbe mji umefanya kazi ya pamoja. Kusudi: kulipaka tangi rangi ili lionekane kwenye moshi, ndege zipate kuruka. Don Herland ametoa chokaa, akina mama wamepika masako ya ndizi na nyama kavu, pombe ya mahindi haikukosekana. Na aliyekuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, akiongoza wote, ni Nataniel, mtoto wa mama yangu.

Nilienda kwa baiskeli kuwaambia. Nikawaambia tangi si dawa ya moshi. Kinachopimwa ni hewa, tangi ni la kupimia tu. Mtu akiwa na homa humponyi kwa kupaka rangi kipimajoto. Wakacheka. Nataniel akapiga kelele kutoka juu, "Dada, penye nia pana njia." Bendi ikapiga kwa nguvu zaidi.

Kufikia saa tisa alasiri lilikuwa jeupe pepepe.

14 Agosti

Kilomita nne na ushei. Moshi umepungua kidogo, lile jeusi la zamani lingeanza kuonekana kama kivuli. Leo haliko kabisa. Cheupe ndani ya cheupe. Mji mzima umesimama kwenye ngazi za kanisa ukitafuta tangi lake.

Nimecheka mpaka mama ameniuliza nimekunywa nini.

15 Agosti

Wanasema nimewaroga.

Alama yangu sasa ni mti mkavu ulio ubavuni mwa tangi, mweusi, umepigwa radi zamani. Uko umbali uleule na hakuna aliyeupandia ngazi. Osmán, mkuu wa uwanja, ameniuliza ni nani amenipa ruhusa ya kubadili alama. Nimemwambia ni aliyenunua chokaa.

20 Agosti

Wameleta taa. Zile za sikukuu. Don Herland amezihamisha kutoka nyumbani kwake, mistari miwili, kushoto na kulia kwa kinjia cha kwenda kwenye tangi, na nyingine zimezungushwa juu. Jenereta inanguruma tangu mchana. Ni kweli, kutoka mlangoni kwangu ukikaza macho unaona kung'aa fulani kusini, kama sahani iliyosahauliwa kwenye povu.

Osmán akasema kwa furaha, "Hiyo hapo. Tano."

Nikamwambia taa inapenya pale ambapo ng'ombe, nguzo na bawa la ndege nyingine havionekani. Ndege haigongi taa, inagonga vile visivyo na taa. Mti siuoni. Tatu.

Akaondoka akinong'ona kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Sijui alimaanisha mimi au yeye.

23 Agosti

Tatu. Mfuko wa upepo unaning'inia kama soksi ya mlevi. Kinara chetu cha redio cha kuongoza ndege kimekufa tangu Pasaka na hakuna aliyekuja kukitazama, lakini kwa chokaa fedha ipo.

25 Agosti

Rómulo amekuja kunywa kahawa. Don Herland anamwambia kila siku kwamba kuna marubani vijana Trinidad wanaoruka wakiwa wamefumba macho. Nikamwambia nami nawajua, wengine wamezikwa Trinidad hukohuko. Hakucheka. Akaniuliza kama siwezi kuandika tano mara moja tu, Jumanne, kwa ajili ya macho ya mama. Mama mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anachambua mchele kwa vidole.

Naandika wazi: nilitamani. Usiku kucha nilitamani.

27 Agosti

Naanza tangu asubuhi.

Saa kumi na mbili nilisimama mlangoni. Mti haupo. Zizi lipo nusu. Mama amevaa gauni lake la buluu na amebeba kapu la kunyapé, mikate midogo ya jibini aliyooka mwenyewe kwa ajili ya madaktari. Ofisi kuu wametabiri moshi utapungua adhuhuri. Don Herland alikuwepo, Osmán alikuwepo, Rómulo alikuwa anazunguka ndege yake akigonga matairi kwa kiatu.

Osmán akaniambia niandike tano, kwa kuwa utabiri unasema itakuwa tano. Nikamwambia utabiri unasema itakuwa, mimi naulizwa ikoje. Akasema ni amri. Sauti haikunitetemeka, na hilo nalijivunia. Nikamsogezea karatasi na kalamu.

"Andika wewe. Mkono wako, jina lako. Langu usiliguse."

Aliandika. Akaisoma redioni mwenyewe, kilomita tano, kwa sauti ya mtu anayesoma kadi ya harusi.

Ndipo mama akauliza, mbele ya wote, "Zoraida, wewe umeona tano?" Nikasema hapana, mama, nimeona mbili na nusu. Akaketi kwenye benchi, kapu mapajani.

"Basi sipandi. Hata mimi sioni, lakini mimi nina sababu."

Nilitaka kulia. Ile siku aliyoisubiri tangu mwaka juzi, ameiacha ipite kwa neno langu moja. Don Herland akasema kizee kimeharibu safari. Mama akampa kunyapé moja, akamwambia ale apunguze maneno.

Ndege iliruka na nyama na abiria wawili. Ilifika. Nikasikia Don Herland akicheka nje ya dirisha langu kwa makusudi.

Adhuhuri moshi haukupungua. Kaskazini mtu mwingine aliwasha shamba lake, na kufikia saa tisa, mchana ulikuwa umegeuka giza la magharibi. Nikatangaza: mita elfu moja, moshi, ndege isije. Rómulo alikuwa ameshatoka Trinidad. Yuko peke yake, hana abiria, na mafuta hayatoshi kurudi alikotoka.

Katika hali kama hiyo tuna desturi yetu. Makopo ya dizeli yenye utambi, mstari mmoja kila upande wa njia ya ndege. Nilitoka kuyawasha na hapo nikamwona Nataniel anakuja mbio, bila kuitwa, na kiberiti. Hakusema kitu. Nikamwachia makopo nikarudi redioni.

Sauti ya Rómulo ilikuwa ya furaha. "Santa Rufina, nimekuona. Mistari miwili ya taa, mbele yangu kabisa. Nashuka."

Nikafungua dirisha. Sikusikia injini. Ndege ikiwa inashuka kwangu, vikombe hutetemeka kwenye rafu. Vikombe vilitulia.

"Kompadre, taa zina rangi gani?"

"Rangi? Taa ni taa. Nyeupe."

"Zangu ni za dizeli. Ni nyekundu. Hizo ni za tangi. Panda."

Nikabonyeza tena kipaza.

"Rómulo, mbele yako kuna tangi. Panda sasa hivi."

Nilisikia injini ikipiga yowe ndani ya kipaza, kisha kishindo kama mtu amepiga mlango kwa ngumi, kisha pumzi tu, za mtu aliyekimbia. Halafu akasema, kwa sauti nisiyoijua, "Limepita chini ya magurudumu. Nimeligusa, komadre. Sikuliona. Jeupe."

Nikamwambia asilie sasa, tutalia baadaye. Ageuke, tangi liwe mgongoni, ashuke mpaka aone barabara ya udongo mwekundu, aifuate kaskazini bila kuiacha, nami nitamsikiliza. Nikatoka na waya wa kipaza umenyooka hadi mlangoni, shingo nje, sikio kusini. Nikaisikia injini. Kushoto kidogo, nikamwambia. Tena kidogo. Sasa tazama mkono wa kushoto, taa nyekundu. Vikombe vikaanza kutetemeka.

Akatua vibaya sana, akaruka mara mbili kama chura, akasimama kwenye nyasi. Hakutoka. Nataniel ndiye aliyefungua mlango wa ndege. Kwenye gurudumu la kushoto kulikuwa na chokaa.

28 Agosti

Leo nina hasira ambayo haitoshi kwenye ukurasa.

Jana jioni Don Herland alifika na gari, akamkumbatia Rómulo mbele ya watu, akatangaza, "Taa zangu zimemleta nyumbani." Watu wakapiga makofi. Nikamtazama kompadre wangu nikisubiri afungue mdomo. Alitazama viatu vyake.

Niseme nini? Niende nikapige kelele sokoni kama muuza samaki? Nimerudi mlangoni. Kilomita mbili.

1 Septemba

Misa ya shukrani kwa ajili ya taa. Sikwenda. Mama alikwenda, akarudi akasema padri alihubiri juu ya nuru na yeye alisinzia.

Nataniel ameniletea jibini. Nimeuliza ametoa wapi, akasema kwa yule mwanamke mwenye kitambaa. Ameketi muda mrefu, akakuna chokaa iliyobaki kwenye kucha. Akasema aliona chokaa kwenye gurudumu, akajua ni mkono wake. Nikamkatia kipande. Mwaka huu hachomi tena, anasema. Nitaamini Septemba ijayo.

10 Septemba

Amekuja mkaguzi kutoka ofisi kuu, kwa mashua na punda, kwa sababu, ajabu, ndege hairuki. Ameuliza tarehe ishirini na saba ilikuwaje. Osmán amekwisha kumweleza ilikuwa tano, na kwamba mimi nina ugomvi na mji. Mkaguzi si mtu mbaya, amechoka tu. Aliniambia kwa upole kwamba nikikubali ile tano, mambo yatakwisha leo. Nisipokubali itabidi waandike kwamba kituo kina fujo, na nyanda za juu, kwenye baridi, wanahitaji mtu.

Nikamwambia anihamishe. Huko juu pia nitasimama mlangoni, nitaona ninachoona. Nitakohoa tu zaidi. Nilimwambia na hili, nalirudia hapa ili lisinipotee: asubuhi ile ilikuwa mbili na nusu, jana ilikuwa mbili na nusu, na hata nikifa kesho ilikuwa mbili na nusu.

Akauliza rubani anasemaje. Rubani, nikamjibu, ana kinywa chake.

13 Septemba

Rómulo hajaja kunywa kahawa tangu siku ile. Kikombe chake nimekigeuza kichwa chini.

15 Septemba

Jumapili. Mama alikuwa kanisani, mimi nilikuwa zamu, nimesimuliwa na Nataniel, na Nataniel haongezi chumvi, hana hata ya kuweka kwenye mchuzi.

Watu walipotoka kanisani, wakasimama kwenye ngazi kama kawaida na kuulizana kama taa zinaonekana. Zilikuwa zinang'aa kidogo. Halafu moja ikazimika. Nyingine. Mstari mzima. Wakapanda magari na baiskeli kwenda kuangalia nani anaiba taa za mtakatifu. Walimkuta Rómulo juu ya tangi, koleo mkononi, anakata nyaya na kudondosha taa kwenye nyasi. Don Herland akamwambia ashuke. Rómulo akawaonyesha pale gurudumu lilipokwangua chokaa, mstari mweusi mrefu, lami ya zamani imetokeza.

"Taa hizi hazikunileta nyumbani," akasema. "Zilikuwa zinaniua. Aliyenileta ni Zoraida. Nilinyamaza kwa kuogopa kukosa kazi. Sasa sikilizeni: siruki tena mpaka yeye aseme."

Don Herland akamwambia kazi hana. Rómulo akaendelea kukata.

Alasiri alikuja. Nikageuza kikombe.

22 Septemba

Upepo wa kusini. Ulianza na ubaridi miguuni, kisha mfuko wa upepo ukanyooka kama umeitwa jina. Kisha mvua. Nimesimama ndani yake kama kichaa.

23 Septemba

Zaidi ya kilomita kumi. Nimeisoma redioni polepole. Hata mti naona matawi yake. Tangi nalo limesimama pale na kidonda chake cheusi, limechakaa, mvua imechuruza chokaa.

Ofisi kuu bado hawajajibu kuhusu mimi. Jibu likija litanikuta hapahapa.

24 Septemba

Mama ameruka kwenda Trinidad, hospitali wamempa siku nyingine. Don Herland hakupata rubani mwingine wa kuja kwetu. Wale vijana wa Trinidad wamesikia habari za gurudumu. Kwa hiyo Rómulo ana kazi yake tena, na hakuna aliyeomba radhi, imekuwa tu kama haikukatizwa.

2 Oktoba

Mama amerudi. Amefika mlangoni kwangu, amekunja uso, ametazama kusini kwa macho mapya. "Ni nani aliyechafua tangi lile?" Nataniel akatoka nje kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

8 Oktoba

Mvua imesita, moshi wa wachelewaji umerudi. Mti hauonekani.

Saa mbili asubuhi Don Herland amekuja na begi na kofia yake nzuri. Kuna mnada wa mafahali Trinidad na safari hii msafiri ni yeye mwenyewe. Osmán akamkimbilia, akamwambia ni karibu tano, akitaka anaweza kuandika yeye, kama ile mara nyingine. Rómulo alikuwa ameegemea bawa, mikono kifuani, ananitazama mimi.

Don Herland hakumjibu Osmán. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, akasimama pembeni yangu, akatazama kusini muda mrefu. Sikumsaidia. Nilimwacha atazame.

"Zoraida," akasema, polepole, "wewe unaona nini?"

Miaka yote hii ameniuliza kama naliona tangi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuniuliza naona nini.

"Mita elfu tatu, Don Herland."

Nilisubiri anibishie. Nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno ya msimu mzima mdomoni. Akavua kofia, akaweka begi chini, akaketi kwenye benchi. Mama, ambaye sasa anaona kila kitu na hanyamazi, akasonga kumpa nafasi, akasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. 

Nikaingia ndani nikawasha redio. Elfu tatu, moshi.